Draya ya bomba kwenye nyumba isiyovuja hewa: uchambuzi wa kisa kimoja

Kisa hiki ni cha familia moja iliyoniita kupima nyumba yao. Majina, eneo na chochote kinachoweza kuwatambulisha nimeviondoa, wenyewe wameridhia kiandikwe. Nakiandika kwa sababu naona watu wengi wanaojenga nyumba za kubana nishati wanafikiria kila kitu, insulesheni, madirisha, mfumo wa hewa, halafu draya, mashine ya kukaushia nguo, inakuja mwishoni kabisa kama kiti au meza, kitu cha kubeba na kuweka tu. Draya ya kawaida ya bomba ni feni. Inatoa hewa nje ya nyumba muda wote inapozunguka, na hewa ikitoka lazima ingine iingie, sasa swali ni itapitia wapi.

Hali ya nyumba

Watu watano, baba, mama na watoto watatu wadogo, nyumba mpya kwenye eneo lenye baridi kali kwa miezi kadhaa ya mwaka. Kuta nene zenye insulesheni ya kuzuia joto lisitoroke, madirisha ya vioo vitatu, na kazi ya kuziba hewa ilifanyika kwa moyo kweli kweli, kila kiungo cha ukuta na dari kimepigwa tepu, kila waya unaotoboa ukuta umevalishwa mpira wake. Kabla hawajahamia nyumba ilipimwa kwa feni ya mlangoni, yaani feni kubwa inafungwa kwenye fremu ya mlango wa nje, inavuta hewa ya ndani mpaka tofauti ya presha kati ya ndani na nje ifike paskali 50 (paskali ni kipimo cha presha), halafu unasoma hewa kiasi gani inapenya kwenye nyufa. Walipata 0.58, maana yake kwa presha hiyo hewa inayopenya kwa saa moja ni asilimia 58 ya hewa yote iliyomo ndani. Kigezo cha Passivhaus, cha Kijerumani kwa nyumba zinazotumia nishati kidogo sana, kile ambacho nyumba zake za kwanza zilikamilika Darmstadt, Ujerumani, mwaka 1991, kinataka isizidi 0.6, kwa hiyo walikuwa wamefaulu.

Ndani ya nyumba kuna hewa ya mita za ujazo kama 380. Ukipiga hesabu, kwa paskali 50 nyumba nzima inavuja mita za ujazo kama 220 kwa saa. Shika hiyo 220, tutaihitaji.

Hewa safi inaletwa na mashine yenye kurudisha joto: inavuta hewa iliyotumika kutoka bafuni, jikoni na chumba cha kufulia, inaingiza safi vyumbani na sebuleni, na joto la inayotoka linaipasha inayoingia bila hewa zenyewe kuchanganyika. Kinachotoka na kinachoingia vinapangwa viwe sawa. Sebuleni kuna jiko la kuni lenye bomba lake dogo la kuvuta hewa kutoka nje, ambalo muuzaji aliwaambia linafaa kwa nyumba zilizozibwa.

Draya walihama nayo kutoka nyumba ya zamani. Ilikuwa nzima, ina nguvu, nguo zinakauka kwa saa moja na kidogo, hawakuona sababu ya kununua ingine. Fundi aliyemalizia nyumba akawatobolea tundu la milimita 100 ukutani na kuvuta bomba laini la foili, lile linalokunjika kama akodioni, juu ya dari ya chumba cha kufulia, kona tatu, urefu wa mita 6 hivi mpaka nje. Hii yote ilifanyika baada ya kipimo cha hewa, na hakuna aliyepima tena.

Mambo yalivyoanza kujitokeza

Miezi ya joto hawakuona kitu, madirisha yalikuwa wazi. Baridi ilipoingia na nyumba ikafungwa ndo yakaanza, kimoja kimoja, na kila kimoja walikitafutia sababu yake.

Kwanza mlango wa mbele. Kuna nyakati watoto walishindwa kuufungua, unavutwa kama kuna mtu ameushika, wakaita fundi wa milango akarekebisha bawaba. Halafu filimbi, dirisha moja la ghorofani lilikuwa linalia mluzi mwembamba, wakabadilisha mpira wake, kelele ikahamia dirisha lingine. Halafu harufu ya maji machafu chumba cha kufulia. Pale sakafuni kuna tundu la maji lenye trapu, ile kona ya bomba inayobaki na maji ya kuzuia harufu, ila maji hayamwagiki pale mara kwa mara kwa hiyo trapu ilikuwa imekauka, na hewa ya bomba la maji machafu ikapata njia ya kuingia. Wao wakamwaga dawa ya kuua harufu.

Kilichowashtua ni jiko la kuni. Jioni moja moto umeshapungua, yamebaki makaa, mama amewasha draya amalizie nguo za shule, sebule ikaanza kunuka moshi na king'ora cha kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, kikalia. Wakafungua madirisha wakatoka nje na watoto, hakuna aliyedhurika. Fundi wa dohani akaja akakagua, akasema dohani safi, jiko zima, hana anachokiona kibaya. Alikuwa sahihi, dohani haikuwa na tatizo. Ila alikagua draya ikiwa imezimwa.

Hapo ndo nikaitwa. Mama alinipokea kwa orodha kichwani, akanihesabia mlango, filimbi, harufu, moshi, akasema, "Fundi, hii nyumba kila siku inaumwa kitu kingine." Nikamuuliza tu, haya yote yanatokea saa ngapi? Akafikiria, akaita mume wake, wakaanza kukumbushana, na wakafika wenyewe: siku za kufua.

Kipimo

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Mrija mwembamba unapitishwa chini ya mlango mpaka nje, upande wa pili unaingia kwenye manometa, kifaa cha kupima tofauti ya presha, milango na madirisha yote yanafungwa, mfumo wa hewa unaachwa kama kawaida, jiko halina moto kabisa. Manometa ikasoma karibu na sifuri, vizuri. Tukawasha draya. Namba ikaanza kushuka, 5, 9, 13, ikaenda kutulia inacheza kati ya paskali 15 na 20 chini ya presha ya nje.

Kwa mtu ambaye hajawahi kushika manometa hiyo inaonekana ndogo, ila tuiweke mahali pake. Dohani ya jiko la kuni inavuta kwa sababu moshi ni mwepesi kuliko hewa ya nje, na huo mvuto ni wa paskali chache tu, kwa majiko yanayotegemea hewa ya chumbani Wajerumani wanachukulia paskali 4 kuwa mwisho wa usalama. Hapa feni ya draya inavuta mara nne au zaidi ya hapo kuelekea upande wa pili. Jiko likiwa na moto mkali linaweza kushindana kidogo, lakini likibaki makaa mvuto unadhoofika, na makaa ndo yanatoa kaboni monoksaidi nyingi bila moshi wa kuonekana. Ile saa ambayo jiko linaonekana limetulia ndo saa ya hatari. Na lile bomba lake la hewa ya nje halikusaidia kiasi walichofikiria, maana mlango wa jiko na droo ya majivu vinavuja, na ukifungua kuongeza kuni umeunganisha dohani na sebule moja kwa moja.

Mlango wa mbele nao una maelezo yake. Mlango wa mita za mraba 2 ukibanwa na paskali 18 unapata nguvu ya karibu kilo 3 na nusu ikiusukuma kuelekea ndani, na huo unafunguka kwa nje. Mtoto wa miaka sita anashindwa.

Sasa rudi kwenye ile 220. Draya ya bomba ya ukubwa wa nyumbani inataka kutoa hewa mita za ujazo kama 200 kwa saa, zingine zaidi. Nyumba hii ili iruhusu hewa kiasi hicho ipenye kwenye nyufa zake inabidi ivutwe karibu na paskali 50, yaani draya ingekuwa inafanya kazi ya ile feni ya kipimo kila siku ya kufua. Feni ya draya haina ubavu huo, kwa hiyo vinakutana katikati, nyumba inavutwa paskali 15 mpaka 20 na draya inaambulia hewa pungufu ya inachohitaji. Nguo zilikuwa zinachukua muda mrefu kuliko nyumba ya zamani, wao wakadhani draya imezeeka.

Nilipanda darini kuangalia bomba. Lile la foili lilikuwa limelegea katikati kama tumbo, na kwenye hilo tumbo maji yamesimama, kama vikombe viwili hivi, yamechanganyika na manyoya ya nguo yakawa uji wa kijivu. Hewa ya draya inatoka na mvuke, ikipita kwenye bomba lisilofunikwa dari ikiwa ya baridi mvuke unageuka maji, maji yanashika manyoya, manyoya yanabana njia. Na kifuniko cha nje, kile cha kujifunga chenyewe, kilikuwa kimegandiwa na manyoya kikabaki nusu wazi, kwa hiyo hata draya ikizimwa kuna tundu linapitisha baridi usiku kucha. Tulipofunga feni ya mlangoni kurudia kipimo, nyumba ikasoma 0.74. Pesa na jasho la kuziba hewa vimetoka kwenye tundu moja.

Njia zilizokuwa mezani

Cha kwanza kilikuwa cha usalama na hakikusubiri mjadala: draya na jiko visiwashwe siku moja, na draya ikiwashwa dirisha la chumba cha kufulia liwe wazi na mlango wa chumba umefungwa. Tulipima hivyo pia, manometa ikarudi karibu na sifuri. Dirisha linafanya kazi, ila kama utaratibu wa kudumu silikubali, kwa sababu linategemea mtu akumbuke kila mara, na siku atakayosahau ni siku ya haraka na uchovu. Tena kwa baridi ile ni sawa na kupasha nje.

Baba yeye alitaka kubaki na draya. Hoja yake ilikuwa ya haki, mashine nzima kwa nini itupwe. Njia hiyo ipo: toa foili, weka bomba gumu la chuma laini ndani, lifunikwe insulesheni, halafu toboa tundu la pili la kuingizia hewa lenye kilango cha umeme kinachofunguka draya ikiwaka na kufunga ikizimwa. Presha itakuwa sawa. Tukapiga hesabu ya joto. Kila mita ya ujazo ya hewa inahitaji karibu wati-saa 0.33 kupanda digrii moja, kwa hiyo hewa ya mita za ujazo 150 kwa saa ikitoka nyuzi 0 kwenda nyuzi 20 inakula kama kilowati 1 muda wote draya inazunguka, juu ya umeme wa draya yenyewe. Na unabaki na matundu mawili ukutani na vilango viwili ambavyo siku moja vitashika manyoya au barafu. Kwenye nyumba inayovuja kama nyumba nyingi za zamani ningesema sawa, hewa hiyo ingeingia tu. Kwenye hii, hapana.

Fundi aliyetoboa tundu naye alileta wazo lake, kwamba bomba la draya liunganishwe kwenye mfumo wa hewa ili joto lisipotee. Wazo linasikika zuri na nimelisikia kwa watu wengi, ndo maana nalitaja. Lisifanyike. Manyoya yanapita kwenye filta ya draya kila siku, yakifika kwenye kile kifaa cha kubadilishana joto chenye njia nyembamba nyembamba yanaziba, mvuke mwingi unaganda humo wakati wa baridi, na hewa ya draya ni nyingi kuliko ambayo mfumo umepangiwa kutoa chumba kile. Vile vile kutolea hewa ya draya ndani ya nyumba kupitia ndoo ya maji, kuna vifaa vinauzwa hivyo, maana yake ni kumwaga lita kadhaa za maji hewani kila mzigo. Na kama draya ni ya gesi, kuitolea ndani ni kuingiza kaboni monoksaidi nyumbani, hilo halina mjadala popote.

Kuanika tu bila mashine? Hili nilitaka walipe uzito, kwa sababu ndo njia isiyokula umeme. Nguo kavu za kilo 8 zikikamuliwa mizunguko 1400 kwa dakika zinatoka na maji kama lita 4. Chumba cha kufulia kinanyonywa hewa mita za ujazo 40 kwa saa, na siku ya baridi kila mita inaweza kuondoka na gramu 4 mpaka 5 za maji zaidi ya ilizokuja nazo. Hiyo ni kama gramu 190 kwa saa, lita 4 zinachukua karibu siku nzima, saa 21 hivi. Kwa watu wawili wanaofua mara moja moja inatosha kabisa na chumba hakipati kuvu. Kwa nyumba hii yenye watoto watatu na mashine inayowaka karibu kila siku, nguo za jana zingekuwa bado mbichi za leo zinafika. Tukaiweka kama njia ya pembeni, sio ya kutupwa.

Zikabaki draya zisizo na bomba, na hapa watu wanachanganya aina mbili. Zote mbili hazitoi hewa nje, zinazungusha hewa ile ile na kuugeuza mvuke kuwa maji yanayoenda kwenye tanki au bomba la maji machafu. Ile ya kondensa ya kawaida inapasha hewa kwa koili ya umeme na kupooza mvuke kwa hewa ya chumbani, umeme inakula kama ile ya bomba, tuseme uniti 4 na kitu kwa mzigo wa kilo 8, na joto lote hilo linabaki chumbani. Ile ya pampu ya joto ina kompresa na gesi kama friji: upande wa baridi unakamua maji kutoka kwenye hewa, joto lililotoka hapo linarudishwa upande wa moto kupasha hewa ile ile tena. Ndo maana inaweza kukausha kwa uniti 1 na nusu mpaka 2. Kukausha lita 4 za maji kwa joto tupu bila kulirudisha kunataka karibu uniti 2.7 hata kabla ya hasara yoyote, hakuna filta wala programu ya kuikwepa hesabu hiyo. Uswisi iliacha kuruhusu uuzaji wa zisizo za pampu ya joto mwaka 2012, na Umoja wa Ulaya umeweka masharti kuanzia Julai 2025 ambayo kwa draya mpya zinazoingia sokoni yanafika pale pale.

Uamuzi, na lililotokea baadae

Walichukua ya pampu ya joto, kilo 8, ya daraja la juu la kukamata mvuke. Hilo la mwisho nililisisitiza, kwa sababu watu wanaangalia lebo ya umeme tu. Hakuna draya isiyo na bomba inayokamata mvuke wote, kwenye lebo ya Ulaya iliyotumika kabla ya Julai 2025 daraja la juu lilikuwa la kukamata zaidi ya asilimia 90, la chini yake zaidi ya 80. Kwenye lita 4 tofauti hiyo ni kati ya maji chini ya nusu lita yanayobaki chumbani na karibu lita nzima, na kwenye nyumba iliyozibwa hiyo lita utaiona kwenye vioo.

Tundu la ukutani liliondolewa kwa mpangilio. Bomba lote likatolewa, nafasi ikajazwa insulesheni ile ile ya ukuta, upande wa ndani kipande cha ubao kikapigwa tepu ya kuzuia hewa ikashikana na tabaka la zamani, nje pakafungwa kuzuia mvua. Nani amefanya, kafanya lini na kwa tepu gani vikaandikwa kwenye faili la nyumba. Maji ya draya yakapelekwa kwenye bomba la mashine ya kufulia lenye trapu inayopata maji kila siku, na ile trapu ya sakafuni ikabadilishwa ikawekwa yenye kifuniko cha kujifunga hata ikikauka. Kipimo kilivyorudiwa kikasoma 0.57.

Ingekuwa hadithi fupi kama ingeishia hapo. Draya mpya ikawekwa kwenye kabati. Mama alitaka chumba kionekane nadhifu, seremala akatengeneza kabati zuri lenye milango miwili inayofunga kimya, draya juu ya mashine ya kufulia, milango ikifungwa huoni kitu. Mzigo wa kwanza ulichukua saa mbili na nusu, wa pili ukafika saa tatu na kitu, wa tatu jioni ile ile ukasimama katikati ukaonyesha alama ya kosa. Wakasema mashine mbovu, wakataka kuirudisha.

Draya ya pampu ya joto haitoi hewa nje lakini umeme wote inaokula unageuka joto, na joto hilo linabaki pale ilipo. Uniti 1.7 ndani ya chumba ni kitu kidogo. Ndani ya kabati la mita za ujazo 2 lisilo na hata ufa, ni tanuri. Thermometa tuliyoiacha ndani ilifika nyuzi 38, na mashine hizi kwa kawaida zinataka mazingira kati ya nyuzi 5 na 35. Upande wa baridi wa pampu unashindwa kupoa, maji hayatoki kwenye hewa, kompresa inajizima kujilinda. Seremala akatoboa mianya ya hewa juu na chini ya milango, na mdomo wa mfumo wa hewa unaonyonya chumba kile ukasogezwa kuwa juu ya kabati. Muda ukarudi saa mbili na nusu na ukabaki hapo hata kwa mizigo mitatu mfululizo.

Kwa mita ndogo ya plagi draya ya zamani ilikuwa inakula uniti 4.6 kwa mzigo, hii 1.7. Unyevu wa chumba cha kufulia unapanda kidogo siku za kufua na kurudi kawaida usiku. Mlango wa mbele unafunguka. Filimbi imekwisha, na zile pesa za bawaba na mpira wa dirisha ndo hizo zimeshaenda.

Kilichofanya kazi na kilichoshindikana

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni kuuliza saa. Watu watatu wa fani tofauti walishaingia nyumba ile, wa milango, wa madirisha, wa dohani, kila mmoja akaangalia kifaa chake na kila mmoja alikuwa sawa kuhusu kifaa chake. Hakuna aliyewasha kila kitu kwa pamoja. Nyumba iliyozibwa haina vifaa vinavyojitegemea, ukivuta hewa chumba cha kufulia umegusa dohani ya sebuleni, kwa hiyo jiko lipimwe draya na feni zote zikiwa zinazunguka. Ningependa hilo liwe la lazima kabla jiko lolote la kuni halijakabidhiwa kwa mwenye nyumba ya namna hii.

Kilichoshindikana mapema ni mpangilio wa kazi: kipimo kikafanyika, cheti kikatoka, halafu ukuta ukatobolewa. Tundu la milimita 100 lilionekana dogo kwa fundi na kwa kazi aliyozoea ni dogo kweli. Hakuna aliyemwambia nyumba hii inahesabiwa kwa nyufa. Ningemlaumu kwa foili zaidi ya tundu, kwa sababu bomba la foili lililofichwa darini ni kosa kwenye nyumba yoyote, iwe inavuja au haivuji, manyoya makavu yanashika moto kirahisi. Kanuni za ujenzi zinazofuatwa sehemu kubwa ya Marekani zinataka bomba la chuma gumu la milimita 100, lisizidi karibu mita 10.7, na kila kona ya nyuzi 90 inakata mita 1.5 kwenye huo urefu, bila skrubu zinazochomoza ndani na bila wavu mwishoni. Kwa kona zake tatu yeye alikuwa ameshafika ukingoni hata angetumia bomba sahihi.

Kabati nalo nimelifikiria sana, kwa sababu lilikuja baada ya familia kuelewa suala la hewa vizuri kabisa. Walielewa kwamba draya mpya haihitaji bomba, wakasikia kwamba haihitaji chochote. Muuzaji aliwaambia "hii unaiweka popote". Haiwekwi popote, inataka chumba chenye hewa ya kupokea joto lake, kisichoshuka chini ya nyuzi 5, na mtu wa kuisafisha. Hilo la mwisho bado linasumbua pale kwao. Filta ya mlangoni wanaisafisha kila mzigo, lakini kile kifaa cha kubadilishana joto chini kinakusanya manyoya membamba yanayopita, na baada ya miezi michache muda ulianza kurefuka tena dakika kumi kumi. Baba sasa anakipitia kwa brashi laini kila mwisho wa mwezi. Kama mnanunua, angalieni kama kifaa hicho kinafikika kwa mkono, kuna modeli zinazojisafisha kwa maji zenyewe ambazo zikija kuziba huwezi kufika ndani bila fundi.

Na kuna vitu draya hii haivipendi. Mataulo mazito na mablanketi yanachukua muda mrefu mno, mama anayaanika chumba cha kufulia usiku juu ya waya na hewa inayonyonywa inayamaliza mpaka kesho yake mchana, ile njia ya pembeni imepata kazi yake. Mashine ya kufulia wameipandisha kutoka mizunguko 1000 kwenda 1400, na hiyo peke yake imepunguza maji ya kukaushwa kutoka karibu asilimia 60 ya uzito wa nguo mpaka 50 hivi, bila kununua kitu.

Jiko la kuni bado lipo. Fundi wa dohani amelipima upya draya ikizunguka na mfumo wa hewa ukiwa kazi ya juu, presha haikuvuka paskali 2, akaliruhusu. Sasa baba anataka kofia ya jikoni inayotoa moshi nje, yenye feni ya mita za ujazo 400 kwa saa, ameshaona moja dukani. Nimemtumia hesabu ya 220 na tumepanga tukae kabla hajalipia.